Mlipa Kodi wa Darasa la Nne

Uingereza ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1799, kwa sababu Waziri Mkuu William Pitt alikuwa na vita na Wafaransa na hazina imekauka. Binti yangu alijiunga na walipa kodi hao katika mwaka wa kodi ulioishia Aprili 2014, akiwa na umri wa miaka tisa, na hakuna aliyemweleza anapigana na nani.

Wakati huo alikuwa darasa la nne katika shule ya msingi hapa Leicester. Shughuli zake, nikizitaja zote bila kuficha, zilikuwa kuruka kamba, kupoteza glavu na kumsahihisha mdogo wake Kiingereza. Mali yake ilikuwa pauni 900 zilizokaa benki, zilizochumwa kwa njia ambayo kila mtoto wa watu wa pwani aliyezaliwa ughaibuni anaijua: eidi za kila mwaka, ami aliyepita akitokea Muscat akaacha noti chini ya sahani, bibi yake wa Tanga aliyeleta kitu kidogo kwa mkono wa msafiri, na sisi wazazi tuliotia pauni kumi kumi kila mwezi, tukijaliwa. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyolelewa. Hatukuambiwa kwamba kibaba kikiwekwa benki hutobolewa tundu.

Tundu lenyewe lilikuwa la pauni tatu na peni sitini. Taarifa ya akaunti ililetwa na posta mwezi wa Aprili, bahasha imeandikwa jina la binti kwa ukamilifu wake, na yeye, kwa kuwa hapati barua nyingi, aliisoma yote, hadi maandishi madogo ya nyuma. Riba ya mwaka, pauni 18. Kodi iliyokatwa, pauni 3 na peni 60. Iliyoingia, pauni 14 na peni 40. Kisha akafungua na bahasha ya mdogo wake, ambaye alikuwa na miaka sita na hakuwa na habari kwamba ana bahasha. Riba yake ilikuwa pauni 9, na pauni 9 zote zimeingia.

"Baba, mbona mimi nimekatwa na yeye hakukatwa?"

Nikamwambia ni makosa ya benki.

"Basi waambie."

Watoto wa huku wanafundishwa shuleni kwamba kosa likionekana huelezwa kwa mkosaji, naye husema samahani, mambo yakaisha. Sikutaka kumvunja moyo mapema hivyo.

Hapa lazima nieleze sheria ilivyokuwa, maana bila hiyo kisa hiki kitaonekana ni cha benki moja kumwonea mtoto mmoja. Kwa miaka mingi benki za Uingereza zilitakiwa kukata asilimia 20 kwenye riba ya kila mwenye akaunti kabla riba haijamfikia, na kuipeleka serikalini. Zilikata kwanza, bila kuuliza. Ambaye mapato yake hayafikii kiwango cha kutozwa kodi alipaswa kujitokeza mwenyewe na kujaza fomu iliyoitwa R85, akiapa kwamba yeye si mtu wa kodi. Mtoto alikuwa katika kundi hilo hilo. Fomu yake ilitiwa saini na mzazi, ikafanya kazi mpaka atimize miaka 16. Asiyekuwa na fomu alihesabiwa tajiri, hata kama bado ananyonya.

Na jambo ambalo wazazi wengi hawakulijua ni kwamba mtoto anayo haki kamili, tangu siku anapozaliwa, ya kupata kiasi kile kile cha mapato yasiyotozwa kodi anachopata mtu mzima. Mwaka wa 2013/14 kiasi hicho kilikuwa pauni 9,440. Nilikaa na kikokotoo. Ili binti yangu adaiwe kodi kwa halali, kwa riba ya asilimia 2 aliyokuwa akilipwa, ilimpasa awe na zaidi ya pauni 472,000 benki. Eidi za namna hiyo hazitolewi hata Muscat.

Fomu za R85 tulizijaza. Zote mbili, ya binti na ya mdogo wake, meza moja, kalamu moja, nikazipeleka mwenyewe tawini na karani akazigonga muhuri mbele yangu. Kwa hiyo nilipokwenda kuulizia nilikwenda kifua mbele, kwa sababu ni mara chache sana mtu mweusi mwenye fulana ya kazi ya ghalani anaingia benki akiwa na hakika kamili kwamba karatasi zake ziko sawa.

Karani alikuwa kijana mpole. Akaandika, akatazama kioo cha kompyuta, akaandika tena. Akaniuliza jina la binti. Nikamtajia. Akaniuliza jina langu. Nikamtajia. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kumdhalilisha mwenziwe mbele ya foleni, kama huyu ni binti yangu wa kumzaa.

Sasa tuelewane. Sisi kwetu Mombasa mtu ana jina lake, la baba yake, na la babu yake, basi. Kwa utaratibu huo binti yangu jina lake la mwisho ni la baba yangu, na jina langu la mwisho ni la babu yangu, na mama watoto, ambaye kwao Tanga hakuna mwanamke anayetupa jina la baba yake kwa sababu ya harusi, ana jina la mwisho la babu yake yeye. Mdogo wake binti alipozaliwa, karani wa vizazi alitusihi, kwa huruma kabisa, tuchague jina moja la ukoo ili mtoto asipate taabu mbeleni. Tukakubali ili tupishane na foleni, akapewa langu. Matokeo yake nyumba ya watu wanne ina majina matatu ya mwisho, na mtu wa posta, Mungu ambariki, ameshatuzoea. Benki bado.

Kilichotokea ni hiki. Fomu ya mdogo ilikuwa na jina la mwisho sawa na la mzazi aliyetia saini, kwa hiyo ilikwenda ilikotakiwa kwenda. Fomu ya binti ilikuwa na majina mawili ya mwisho yasiyofanana, moja juu na moja chini. Aliyekuwa akiziingiza katika kompyuta, nadhani ilikuwa saa kumi na moja kasoro ya Ijumaa, akafuata la chini. Akatafuta jina hilo katika tawi, akalikuta, akaibandika fomu hapo. Akaunti aliyoikuta ilikuwa yangu mimi.

Karani akanigeuzia kioo nione. Mimi, mwajiriwa wa ghala, mwenye mshahara unaokatwa kodi kila mwezi, nilikuwa nimesajiliwa kuwa mtoto. Riba ya akaunti yangu ilikuwa imeingia bila kukatwa hata chembe, na usajili wangu, kompyuta ilisema wazi, ungedumu mpaka nitakapotimiza miaka 16.

Msomaji asidhani nilineemeka. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imeshusha kiwango chake cha riba hadi nusu asilimia tangu Machi 2009, na akaunti za watu wazima wa kawaida zilikuwa hazizai kitu cha kukitaja. Riba yangu ya mwaka mzima ilikuwa peni 65. Kodi niliyosamehewa ilikuwa peni 13. Kwa hiyo hesabu ya taifa ilisimama hivi: serikali ilikuwa inamdai baba peni 13, na inadaiwa na binti pauni 3 na peni 60, na aliyekuwa akibeba mzigo wa shule, hospitali na majeshi ya Malkia katika nyumba yetu alikuwa yule anayelala na mwanasesere.

"Basi irekebishe," nikamwambia kijana.

Ya kwangu aliirekebisha pale pale. Kuniondolea msamaha kulichukua dakika moja. Ya binti akasema hawezi kuizungumza na mimi. Kwanza jina langu la mwisho si la mwenye akaunti. Pili, mwenye akaunti ameshapita miaka saba, na kwa kanuni za akaunti ile mtoto akishafika miaka saba ndiye mwenye kauli. Ilimpasa apige simu mwenyewe.

Jioni ile tukamkalisha binti sebuleni, simu tukaiwekea sauti ya nje. Muziki wa kusubirisha ulipiga mpaka mama watoto akamaliza kukaanga vitunguu. Hatimaye akatokea mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamsalimia binti kwa heshima zote, akasema kabla ya kuendelea anahitaji kuhakikisha kwamba anaongea na mwenye akaunti mwenyewe. Maswali ya mwanzo, tarehe ya kuzaliwa, anwani, yalipita vizuri.

"Na sasa, jina la mama yako kabla hajaolewa?"

"Ni lile lile," akasema binti.

"Lile lipi, mpenzi?"

"Alilo nalo sasa."

"Nahitaji lile la kabla."

"Hilo ndilo la kabla."

Kimya. Kisha yule mama, kwa uangalifu mkubwa: "Kwa hiyo mama yako hajaolewa?"

Mama watoto akatokeza mlangoni na mwiko mkononi. Nimemwoa kwa mahari na mashahidi, na picha za harusi ziko ukutani juu ya ile simu. Nikamwashiria anyamaze, asije akatuharibia kesi.

"Ameolewa na Baba," binti akasema, "lakini hakuchukua kitu chake."

Mwiko ukashuka. Mama watoto akarudi jikoni akicheka peke yake, na mpaka leo akitaka kunikumbusha nafasi yangu katika ndoa hii hunukuu jibu hilo. Upande wa pili wa simu nadhani nao walicheka, maana baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Benki ikakiri kosa. Fomu ya R85 ikahamishwa kwenda kwa mwenyewe, riba ya mwaka unaofuata isikatwe. Na zile pauni 3 na peni 60? Hizo, yule mama akasema kwa masikitiko, hazipo tena kwao. Mwaka wa kodi umeshafungwa, pesa zimeshakwenda serikalini, na benki haiwezi kurudisha kitu isichokuwa nacho. Watatuletea cheti cha kodi iliyokatwa. Kudai tudai huko, kwa fomu nyingine iitwayo R40, na sheria inatupa miaka minne.

Nilipiga hesabu nyingine. Stempu ya daraja la kwanza wakati huo ilikuwa imepanda hadi peni 62. Deni lote la binti halikufika bei ya stempu sita. Mtu mwenye busara angelisamehe. Lakini nilishamwambia mtoto kwamba ni makosa, naye alishaandika katika daftari lake "serikali" na mbele yake "3.60", kwa kalamu nyekundu.

Fomu ya R40 haikutungwa kwa ajili ya mtu anayeruka kamba. Inadhani anayedai ni mtu mzima mwenye maisha yaliyomtawanyika, inamwuliza kila kipande. Nilitaka niijaze peke yangu kimya kimya, binti akakataa. Pesa ni zake. Akavuta kiti akaanza kunisomea maswali kwa sauti.

Pensheni? Hana. Sawa.

Nyumba na ardhi, je, anapokea kodi ya pango? Akatulia. Akasema mdogo wake humlipa peni 20 kila anapotaka kulala kitanda cha juu. Hili sikulijua. Mdogo akaitwa, akathibitisha, na akatumia nafasi hiyo kulalamika kwamba bei imepanda tangu Krismasi. Nilisimamisha kazi ya fomu nikavunja mkataba huo wa upangaji, ambao ulikuwa wa kinyonyaji tangu mwanzo.

Mapato ya nchi za nje? Akaleta noti ya shilingi 500 ya Kenya aliyopewa na babu yake tulipokwenda Mombasa, akaiweka mezani. Nikamweleza kwamba zawadi si mapato.

"Na riba ya zawadi?"

"Hiyo ni mapato."

Akaitazama ile noti kwa muda, akairudisha chumbani kwake. Sidhani kama imewahi kutoka tena.

Kisha likaja swali la nafuu ya wanandoa, ambayo sheria inawapa wale tu ambao mmoja wao alizaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 1935. "Wanauliza," akasema binti, "kama mume wangu alizaliwa kabla ya 1935." Kutoka jikoni tukasikia, "Astaghfirullah!"

Alichokishikilia zaidi ni tarehe. Kwa nini mwaka uanze tarehe 6 Aprili, na si Januari, na si hata mwanzo wa mwezi? Kwa bahati hilo nalijua, ni moja ya vitu visivyo na faida ninavyovijua. Mwaka 1752 Waingereza walibadili kalenda ili walingane na Ulaya. Watu walilala usiku wa tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Siku kumi na moja zikafutwa. Mwaka wa hesabu uliokuwa ukianza tarehe 25 Machi ukasogezwa mbele kwa siku hizo, maana hazina haikuwa tayari kupoteza mapato ya siku hata moja, na mwaka 1800 ukasogezwa siku moja zaidi. Umekaa hapo hadi leo.

"Na aliyezaliwa tarehe 5 Septemba?" akauliza. "Mwaka huo hakuongeza umri?"

Nikamwambia alete swali jingine.

Jingine lililobaki lilikuwa gumu kuliko lile. Sheria ya huku inawatilia shaka wazazi. Walioitunga walihofia kwamba matajiri wangeficha mali zao katika akaunti za watoto wao, kwa hiyo wakaweka kanuni: pesa aliyotoa mzazi ikizaa riba ya zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, riba hiyo yote inahesabiwa kuwa ya mzazi, na mzazi ndiye anayetozwa. Pesa ya babu na bibi haimo. Ami hayumo. Shangazi hayumo. Mtu akisoma sheria hiyo anaona picha ya ulimwengu ambamo baba ni mjanja wa kuangaliwa kwa jicho moja na bibi ni malaika. Kwa riba ya pauni 18 kanuni hiyo haikutuhusu hata kidogo, lakini binti alitaka kujua ni kiasi gani cha pesa yake kimetoka kwa bibi na kiasi gani kwa mtuhumiwa. Ikabidi tupige simu Tanga.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Baridi imepungua?"

Nikamweleza kwa ufupi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza ile pesa aliyowatumia wajukuu tumeiweka wapi.

"Benki, mama."

"Inazaa?"

"Kidogo."

Kimya kingine, kirefu kuliko cha yule mama wa benki.

"Mmempa mtoto wangu riba."

Nikaharakisha kusema kwamba serikali imekata asilimia 20.

"Mungu awajaze kheri," akasema bibi. "Wakate na iliyobaki."

Niseme ukweli hapa, maana najua baadhi ya wasomaji wamekuwa wakinisubiri kwenye kona hii tangu mwanzo. Mama watoto alikuwa ameshalimaliza suala hilo tangu siku tulipofungua akaunti. Riba hatuli. Kila mwaka inatolewa yote, inakwenda kwa mhitaji, na hatuitegemei thawabu. Kwa maneno mengine, zile pauni 3 na peni 60 tulizokuwa tukizipigania kwa simu, kwa cheti na kwa fomu, zilikuwa pesa ambazo hata zikirudi hazikai kwetu. Mzee mmoja wa Lamu tunayeswali naye aliniuliza waziwazi kama nimerogwa: haramu imeondoka yenyewe, nami naikimbilia kwa risiti. Sikuwa na jibu la dini. Jibu langu lilikuwa kwamba pesa ya kutoa tuitoe wenyewe, tujue imekwenda kwa nani. Serikali hatukuichagua kuwa mhitaji.

Jirani yetu, bibi wa Kiingereza aliyefanya kazi ya uhasibu maisha yake yote, alituona tukipeleka bahasha posta, akataka kujua. Aliposikia akacheka, akasema tuna bahati. Watoto wake walipokuwa wadogo benki zilikata kodi kwenye riba kwa kiwango cha wastani kilichotozwa kila mtu, na asiyestahili kulipa hakuwa na fomu yoyote ya kudai, ikikatwa imekatwa. Watoto, wajane na wastaafu maskini walichangia hivyo mpaka utaratibu ule ulipofutwa Aprili 1991, baada ya John Major, aliyekuwa Waziri wa Fedha, kutangaza katika bajeti ya mwaka uliotangulia kwamba utaondolewa. R85 na kudai kurudishiwa vilikuja hapo. Nilivyokuwa nimezichukia fomu hizo, nilishangaa kusikia kwamba ni ushindi wa wanyonge.

Hundi ilikuja. Lazima niwape haki yao: ofisi ya kodi iliandika majina yote matatu ya binti, kwa mpangilio wake, bila kukosea herufi. Pauni tatu, peni sitini. Binti alitaka kuining'iniza ukutani. Nikamweleza kwamba hundi isiyowekwa benki ni karatasi tu, na kwa kuwa imeandikwa kwa jina lake haiwezi kuingia akaunti ya mtu mwingine yeyote. Tukaipeleka kwa yule yule kijana mpole. Aliitazama, akamtazama binti, akauliza jina la mwisho la baba yake. Binti akamwambia asianze.

Riba yote ya mwaka ule, pauni 18 kamili, ikatolewa kwa punda. Yeye ndiye aliyechagua. Alikuwa ameiona ile hifadhi ya punda pale Lamu tulipokwenda likizo, na aliona punda anabeba mawe siku nzima bila kujaza fomu yoyote. Bibi wa Tanga alipoelezwa aliridhika, ingawa alisema kwa upande wake angeanza na binadamu.

Utaratibu wenyewe sasa haupo. Tangu tarehe 6 Aprili 2016 benki za Uingereza zimeacha kukata kodi kwenye riba, na mlipa kodi wa kiwango cha kawaida anaruhusiwa hadi pauni 1,000 za riba kwa mwaka bila kutozwa. R85 imezikwa. Kanuni ya pauni 100 ya wazazi ingali hai, na bibi angali malaika. Binamu yangu wa Mombasa, nilipomsimulia haya yote, alinisikiliza kwa subira kisha akasema kwao Kenya benki inakata asilimia 15 ya riba, Tanzania wanakata 10, na hajawahi kusikia mtoto aliyepiga simu kulalamika. Nikamwambia awape watoto wake taarifa zao za benki wazisome wenyewe, hadi maandishi ya nyuma. Wewe pia, ikiwa una mtoto mwenye akaunti, mpe. Sisi wakubwa tunatazama salio la chini tukakunja karatasi. Wao wanataka kujua kila peni imekwenda wapi, na wana muda.

Limebaki deni moja. Niliiandikia ofisi ya kodi nikaeleza kwamba kwa mwaka mzima nilihesabiwa kuwa mtoto na kwamba wananidai peni 13. Hawakunijibu. Kama yupo msomaji anayefanya kazi huko, pesa yenu ninayo, njooni mchukue wakati wowote. Ombi langu ni moja tu: msiniletee fomu.